Kuaga meza ya kazi za mikono za familia: kipi kibaki, kipi kiende, na namna ya kukishona kiwe kitabu

MezaNaMkasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Huu uzi ni wa wale ambao meza ya kazi za mikono nyumbani imefika mwisho. Watoto wamekua, makasha yamejaa michoro, vinyago vya udongo, nguo ndogo na sweta lililoishia begani. Wengi wakifika hapo hukimbilia kutafuta makasha mazuri. Hapo ndipo wanapokosea, maana kasha linakuja mwisho kabisa, ukishajua vitu vinavyobaki ni vingapi na vina umbo gani.

La kwanza ni kuandika nyuma ya kila kazi kabla hujaitoa kwenye rundo lake. Marundo ya zamani huwa yamejipanga yenyewe kwa miaka, ya juu ni ya karibuni na ya chini ni ya kale. Ukiyachanganya kabla ya kuandika, mpangilio umepotea na hakuna atakayekumbuka kama yule tembo wa bluu ni wa kaka au wa mdogo wake. Tumia penseli ya HB au 2B, kwenye kona, karatasi ikiwa juu ya meza ngumu ili isipigwe alama upande wa mbele. Kalamu ya wino usiitumie, kwa sababu wino wake huhamia upande wa pili baada ya muda na ncha yake huacha mfereji. Andika jina, mwaka na mwezi, na maneno ya mwenye kazi kama bado anayakumbuka ("hii ni mvua inakimbia"). Maneno hayo mara nyingi yana thamani kuliko mchoro wenyewe.

Halafu kaa na mwenye kazi, hata kama sasa ana miaka kumi na saba na anajifanya hajali. Yeye ndiye achague kwanza. Mzazi huchagua vilivyo nadhifu, na mtoto huchagua vile anavyokumbuka alivyovitengeneza, na orodha hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Idadi: weka ukomo wa kazi 10 kwa mwaka kwa kila mtoto. Kuanzia miaka 3 hadi 12 ni kazi 100. Karatasi 100 za ukubwa wa A4, zikiwa na rangi na karatasi za kutenganisha katikati, hazizidi kina cha sentimita 5. Yaani utoto mzima unaingia kwenye kasha moja bapa. Zilizobaki zipigwe picha.

Naomba wataalamu wa picha, vitambaa na jalada waongezee.

---

Kijogoo_77

Mkuu, si rahisi tu kuzipeleka zote laminesheni? Hazilowi, hazichaniki, mambo yamekwisha.

---

KaratasiKongwe

@Kijogoo_77 hapana, tafadhali. Laminesheni haina kurudi. Plastiki imeyeyushwa kwa joto ikashikana na nyuzi za karatasi, na huwezi kuitoa bila kuua kazi. Joto hilohilo huyeyusha kalamu za nta, na rangi iliyokuwa na mistari inakuwa doa. Kubwa zaidi ni asidi. Karatasi nyingi za watoto, hasa zile za rangi za kukata na kubandika na za aina ya gazeti, zimetengenezwa kwa rojo la mbao ambalo bado lina lignini (kile kinachoshikanisha nyuzi za mti). Lignini hugeuka njano na kuzaa asidi inayokata nyuzi hadi karatasi inavunjika kama jani kavu. Ukiifungia ndani ya plastiki, asidi imekaa humo humo na inaendelea na kazi yake.

Fanya hivi. Kila kazi iwekwe katikati ya karatasi mbili zisizo na asidi wala lignini, au kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta, polipropilini au polithini, uliowazi upande mmoja. PVC usiiguse. Ile laini yenye harufu kali ya "plastiki mpya" ndiyo hiyo, nayo hutoa mafuta yanayong'oa wino na kunata kwenye picha.

Kabla ya kuhifadhi toa pini za stepla (zinashika kutu na kutu inakula tundu), mipira ya kufungia (inakauka, inanata, inaacha mstari wa kahawia) na selotepu. Selotepu ya zamani usiivute. Ikiwa utepe wenyewe umekwisha kuachia, utoe taratibu kwa kuurudisha nyuma sambamba na karatasi. Ikiwa bado umeshika, uache na upige picha. Ukivuta kwa nguvu utaondoka na ngozi ya karatasi.

Mahali pa kuweka ni chumba wanachokaa watu. Darini kuna joto, na sakafuni kuna unyevu na mchwa. Unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 50 unafaa, na ukipita 65 kwa muda kuvu huanza. Kasha liinuliwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na lisigusane na ukuta wa nje.

---

Kijogoo_77

Nimeelewa. Na zile za rangi ya maji nene, ambazo zimeshikana?

---

KaratasiKongwe

Hiyo rangi nene (rangi ya bango) ikikaa chini ya uzito kwenye joto hurudi kunata, hata ikiwa na miaka mingi. Zikiwa tayari zimeshikana usimwagie maji. Ziweke sehemu kavu yenye ubaridi siku moja, kisha pitisha rula nyembamba ya plastiki kuanzia kona iliyo wazi. Zikishatengana, weka karatasi ya kuokea yenye silikoni katikati ya kila mbili, na usizirundike zaidi ya 20. Chaki na pasteli nazo zitenganishwe hivyo hivyo, ila hizo zisisuguliwe kabisa: shusha karatasi ya juu moja kwa moja, usiitelezeshe.

---

Nukta300

Upande wa picha.

Kazi bapa zisizo na kitu kinachojitokeza: skana. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kuchapa kwa ukubwa uleule. Kazi ndogo kuliko kiganja, piga nukta 600 ili uweze kuikuza mara mbili. A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukihifadhi TIFF isiyobanwa (aina ya faili la picha lisilopunguza kitu) ni kama megabaiti 26 kwa kazi moja, hivyo kazi 400 ni zaidi kidogo ya gigabaiti 10. Si nyingi kama watu wanavyodhani. Lakini JPEG ya ubora wa juu inatosha kwa matumizi ya nyumbani, mradi usiifungue, kuihariri na kuihifadhi upya kila mara, maana kila hifadhi inapunguza kitu.

Kazi za A3 kwenye skana ya A4: skani sehemu tatu, ukiacha sentimita 3 zijirudie kila zinapokutana, na karatasi isigeuzwe mwelekeo kati ya sehemu moja na nyingine. Ukiigeuza, taa ya skana inapiga upande mwingine wa mikunjo na mahali zilipoungana panaonekana.

Zenye pambo la kung'aa, uzi, vitufe au majani: skana haifai. Pambo hutoka jeusi na vitufe vinainua karatasi, pembeni panakuwa na ukungu. Tumia kamera. Laza kazi, kamera iwe juu yake sambamba kabisa, taa mbili zinazofanana kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45. Bila taa mbili, tumia dirisha lisilopigwa na jua na uweke kadibodi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga. Mmweko wa kamera zima. Kosa la kawaida ni kuwasha taa ya chumba pamoja na mwanga wa dirisha: upande mmoja unakuwa wa njano, mwingine bluu, na hakuna programu itakayorekebisha vyote viwili kwa wakati mmoja.

Majina ya mafaili: mwaka-mwezi-jina-namba, mfano 2014-06-amani-03. Mwaka ukianza, kompyuta inajipangia yenyewe. Nafasi na alama za ajabu ziepuke.

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Flashi isiwe ndiyo hazina pekee, kwani ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza data kimyakimya. Kila mwaka fungua mafaili machache uone kama bado yanafunguka.

---

BiSindano

Asanteni. Nauliza kuhusu vitu vya umbo: unga wa chumvi, vitu vilivyogandishwa kwa gundi ya moto, picha za mbegu. Hivi vinahifadhika kweli?

---

MezaNaMkasi

@BiSindano picha za mbegu na nafaka: piga picha, kisha ziache ziende. Nazisema kwa ukali kwa sababu moja tu: fukusi. Wakitoka humo wanaingia kwenye kila kitu kingine kilichomo kasha lile. Kama kuna moja ambayo haiwezekani kuiacha, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usiufungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya kazi yenyewe. Na hata hivyo ikae kasha lake peke yake. Dawa hii ya friza haifai kwa kazi za rangi nene, maana rangi inapasuka.

Unga wa chumvi (ule wa unga sehemu 2, chumvi 1, maji 1) una adui mmoja: chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Kinyago kinalainika, kinatoa jasho, kisha kinamea kuvu. Ukitaka kibaki, kikaushe upya kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa mbili au tatu kulingana na unene, kipoe kabisa, kisha kipake vanishi tabaka mbili pande ZOTE, pamoja na chini na ndani ya tundu la kamba. Wengi hupaka upande wa mbele tu kisha wanashangaa kinaoza kutokea nyuma. Kama kilipakwa rangi ambayo huijui, usikiweke kwenye oveni. Kiache karibu na feni siku tatu badala yake.

Gundi ya moto: inashika kwenye hali ya kawaida, ila kwenye dari lenye joto inalegea, na kwenye kitu laini kama kioo au jiwe inaachia yenyewe. Habari njema ni kwamba ni rahisi kuibadilisha. Dondosha spiriti kwenye ukingo wa gundi kwa pamba ya masikio, subiri dakika moja, inabanduka yote. Jaribu kwanza pasipoonekana kwa sababu spiriti inaweza kuyeyusha rangi na wino. Kisha ganda upya kwa gundi nyeupe kwa mbao na karatasi, au epoksi kwa chuma na jiwe.

Udongo wa polima ambao haujaokwa usiuweke juu ya plastiki ngumu. Unaiyeyusha, vinashikana, na hapo umepoteza vyote viwili.

---

FundiViraka

Nguo. Hapa watu hufanya blanketi la viraka, na karibu kila linaloharibika limeharibika kabla ya mshono wa kwanza.

Fua kila kitu kwanza, hata kilichofuliwa miaka mitano iliyopita. Madoa ya maziwa na sukari huwa hayaonekani, yanajitokeza ya njano baadaye. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaacha utando unaozuia gundi ya pasi (ile inayoyeyuka na kushika kwa joto la pasi) isishike.

Fulana zinavutika. Bila kuzidhibiti viraka vitakuwa mawimbi. Kwa hiyo bandika nyuma ya kila fulana kitambaa chepesi chenye gundi ya pasi, NDIPO ukate. Ukikata kwanza, kiraka kinajikunja pembeni na pasi inakivuta kisiwe mraba tena. Pasi ibonyezwe sekunde 10 hadi 15 kisha iinuliwe na kuhamishwa. Usiisugue. Acha kipoe kabla hujakigusa, gundi inashika ikipoa. Fulana zenye picha za mpira zipigwe pasi upande wa nyuma tu, na karatasi ya kuokea chini yake.

Vipimo. Nguo za mtoto mchanga hazitoi mraba wa sentimita 30, hivyo panga kwa hatua za sentimita 15. Nafasi ya mshono ni milimita 7.5 kila upande. Kiraka kidogo kikatwe sentimita 16.5, kikubwa sentimita 31.5. Usikosee ukakata kikubwa 33 kwa kudhani ni mara mbili ya kidogo! Viwili vidogo vikishonwa pamoja vinakula mshono wa katikati na vinabaki 31.5. Blanketi la sentimita 120 kwa 150 linahitaji vikubwa 20, au unavunja baadhi kuwa vidogo vinne vinne.

Cherehani: sindano ya ncha ya mviringo namba 80, mshono wa milimita 2.5. Sindano ya ncha kali inakata nyuzi za fulana na unapata vitundu vinavyokua kila ukifua. Kitambaa cha chini na pamba ya katikati vizidi sentimita 10 kila upande, kwa hiyo 140 kwa 170. Shona kutoka katikati kwenda nje. Ukianza pembeni, mkunjo unasukumwa katikati na hauna pa kutokea.

---

BiSindano

@FundiViraka naongezea kwenye vitufe, zipu na mifuko ya nguo za watoto: usiviondoe vyote. Mfuko mdogo ukibaki kwenye kiraka ndio watu wanaouingiza vidole kila siku. Ila kitufe kisikae ndani ya sentimita 2 kutoka kwenye mshono, mguu wa cherehani utakipanda na sindano itavunjika. Kwa blanketi la mtoto mdogo, vitufe vitolewe vyote, anaweza kukimeza.

Na nguo ambazo hazikatwi, zifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi au shuka la pamba lililofuliwa bila wanga. Kunja kwa kuweka karatasi iliyofinyangwa ndani ya mkunjo ili usiwe mkali, na kila mwaka ukunje mahali pengine. Mbao ya sanduku isiyofunikwa isiguse nguo, mbao nayo ina asidi na huacha alama ya kahawia.

---

FundiJalada

Nimeona mwanzisha uzi ametaja kitabu kwenye kichwa akakiacha. Basi nakichukua mimi. (Kuanzia hapa "uzi" ni ule wa sindano.)

Kitabu cha kumbukumbu ni tofauti na daftari kwa jambo moja: kitabandikwa vitu. Daftari la kawaida ukilibandika picha linapanuka mdomo kama chura na mgongo unapasuka. Dawa ni kuunenepesha mgongo tangu mwanzo.

Karatasi: gramu 160 kwa mita ya mraba, isiyo na asidi. Kurasa ziwe A4, yaani karatasi ya A3 iliyokunjwa mara moja. Angalia mwelekeo wa nyuzi za karatasi, uende sambamba na mgongo. Pinda karatasi bila kuivunja, upande huu kisha ule. Ule unaopinda kwa ulaini ndio mwelekeo wa nyuzi. A3 nyingi zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na ukizikunja kurasa zitakuwa ngumu na zenye mawimbi. Chukua A2 yenye nyuzi za urefu, ikate katikati, unapata A3 mbili zenye nyuzi za upande unaoutaka.

Mafungu (karatasi zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine): karatasi 3 kwa fungu, mafungu 6. Hiyo ni kurasa 72. Inatosha. Kitabu cha kurasa 200 hakuna anayekimaliza kukijaza.

Unene: picha moja ya kawaida ina karibu milimita 0.25. Fungu la karatasi 3 lina majani 6. Ukibandika picha moja kwa kila jani, fungu limeongezeka milimita 1.5. Karatasi ya gramu 160 ina karibu milimita 0.2, hivyo kibanzi cha karatasi hiyo kilichokunjwa kinaongeza 0.4 mgongoni. Vibanzi 4 vinakupa 1.6, umefidia. Kata vibanzi vya upana wa sentimita 6, urefu sawa na kitabu, vikunje katikati viwe sentimita 3, uviingize ndani ya fungu kati ya karatasi, na vishonwe pamoja nalo. Usivibandike.

Mashimo: matano kwa kila fungu, kwenye mkunjo, umbali kutoka juu milimita 15, 82, 148.5, 215 na 282. Tengeneza kipimo kimoja cha kadibodi na ukitumie kwa mafungu yote, usipime kila moja upya. Toboa kwa msharasi mwembamba au sindano nene iliyochomekwa kwenye kizibo, kuanzia ndani kwenda nje, fungu likiwa limefunguliwa kwa pembe ya nyuzi 90. Ukitoboa fungu likiwa limelala wazi kabisa, shimo linatoka nje ya mkunjo.

Jalada: kadibodi ngumu ya milimita 2 au 2.5, vipande viwili vya milimita 303 kwa 213. Inazidi milimita 3 juu, chini na mbele. Mashimo ya jalada yako milimita 8 kutoka ukingo wa mgongo, LAKINI urefu wake ni 18, 85, 151.5, 218 na 285. Zile milimita 3 za juu zinasahauliwa na kitabu kinashonwa kikiwa kimepinda. Likishavikwa karatasi nje, lazima libandikwe karatasi ndani pia, la sivyo linajipinda upande wa nje linapokauka. Lilale chini ya vitabu vizito saa 24, likiwa limetenganishwa na karatasi yenye nta.

Mshono: wa mnyororo, ule wa kale wa Wakristo wa Misri. Mgongo unabaki wazi na kitabu kinalala bapa kabisa ukikifungua, jambo ambalo kitabu cha picha kinalihitaji. Urefu wa uzi: idadi ya mafungu ongeza 2, zidisha kwa urefu wa kitabu, ongeza sentimita 50. Kwetu ni 8 kwa 29.7, ongeza 50, karibu mita 2.9. Usiingize zote kwa mara moja. Fanya kazi na mita 1.5 na uunge kwa fundo ndani ya fungu. Uzi wa kitani, upitishwe kwenye nta ya nyuki mara mbili ili usiteleze wala kujisokota.

Unaanza na jalada la chini na fungu la mwisho, unapanda. Kila ukitoka kwenye shimo, sindano ipite nyuma ya mshono wa fungu la chini yake, kutoka upande mmoja, kisha irudi shimoni. Upande ukiubadilisha katikati ya safari mnyororo unavunjika na inaonekana wazi. Vuta uzi kwa mwelekeo wa mgongo. Ukivuta kuelekea kwako, karatasi inachanika kwenye shimo.

---

KaratasiKongwe

@FundiJalada safi sana. Ongeza gundi basi. Nasema mapema kabisa: uji wa wanga, si gundi nyeupe. Wanga sehemu 1, maji sehemu 5, koroga baridi kwanza, kisha pika moto mdogo ukikoroga hadi uwe mzito na ung'ae kidogo, poza, chuja. Unatolewa kwa maji hata baada ya miaka mingi. Gundi nyeupe ikishakauka imemaliza.

---

FundiJalada

Hapo nakupinga kidogo, mkuu. Kwa kubandika kazi halisi sawa, uji wa wanga. Lakini kwa jalada, uji una maji mengi, kadibodi inavimba, na mahali penye mende na wadudu wa karatasi jalada ndilo linaloliwa kwanza. Jalada lipate gundi nyeupe isiyo na asidi, tabaka jembamba, kutoka katikati kwenda pembeni.

Na kwa kazi halisi kitabuni, ni bora zaidi kutobandika kabisa. Tumia kona za karatasi: kipande cha sentimita 3 kwa 1.5, kunja ncha mbili zikutane ziwe pembetatu, bandika pembetatu kwenye ukurasa, na kazi iingie. Inatoka wakati wowote.

---

KaratasiKongwe

Kona nakubali. Jalada tuachane nalo, wewe ndiye fundi. Ila uji usikae zaidi ya siku nne, na ukiwa na harufu ya uchachu umwage, kuvu imeshaingia hata kama huioni.

---

Kijogoo_77

Na sweta lililoishia begani? Na vifaa vilivyobaki?

---

BiSindano

Sweta: litoe kwenye sindano za kufumia leo hii. Vitanzi vinavyokaa miaka kwenye sindano vinaacha mstari wazi usiotoka hata ukilifua, na sindano ya chuma inashika kutu. Pitisha uzi laini wa pamba wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote kwa sindano butu, ndipo uchomoe. Funga kikaratasi chenye namba ya sindano, mstari uliofikia na upande uliokuwa unaufuma. Bila hivyo hata mwenyewe hutajua pa kuanzia. Sufu ipitie friza kama alivyoeleza mwanzisha uzi. Kama hakuna atakayelimalizia, fumua. Uzi uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitanzi kikubwa, ufunge sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu dakika 20, tundika ukauke bila uzito. Ule mkunjo wa vitanzi unanyooka.

Vifaa vya kugawa, jaribu kabla ya kutoa. Uzi wa kushonea uliovutwa ukakatika bila kelele umeoza. Lastiki iliyopoteza mvuto haifufuki. Gundi nyeupe iliyokuwa nyuzinyuzi na rangi ya akriliki yenye mabonge au harufu ya kuoza, zitupwe. Kalamu za rangi ambazo hazijafa zilale bapa. Visu vya karatasi vilivyokwisha vitiwe kwenye kopo la bati, lifungwe kwa utepe, ndipo liende takataka. Vanishi na tina zisimwagwe kwenye sinki.

---

Kijogoo_77

@FundiJalada swali la mwisho. Kama fungu la katikati nimelichana kwenye shimo wakati wa kuvuta, nifumue kitabu kizima?

---

FundiJalada

Hapana. Legeza mishono ya fungu hilo tu mpaka karatasi iliyochanika itoke. Kata ukanda wa karatasi nyembamba lakini imara wa upana wa sentimita 1.5, mrefu kama kitabu, upake uji wa wanga, uubandike kwa nje ya mkunjo, uufunike kwa karatasi yenye silikoni na uzito kwa saa mbili. Ukikauka toboa upya kwa kipimo kilekile, irudishe karatasi ndani ya fungu, kisha kaza uzi kuanzia jalada la chini kwenda juu, shimo baada ya shimo, kwa ncha ya sindano. Uzi wa nta hautelezi wenyewe, lakini ukiuvuta unasogea vya kutosha kufanya hivyo. Ikiwa uzi nao umekatika, unga ndani ya fungu, uache mikia ya sentimita 1, usiikate fupi zaidi ya hapo.